Siti moja kwenye jeti ya kishua: stori ya daladala ya angani

Mei 2017, rapa mmoja wa Marekani aliposti picha Insta: gari la kifahari limepaki pembeni ya jeti, na maneno ya kuonyesha kwamba yuko safarini, kazini, mambo ni moto. Muda si mrefu abiria mmoja wa ndege ya kawaida akaachia picha ya rapa huyohuyo, kajikalia kwenye siti kama watu wengine wote. Mtandao ukawaka. Ikaja kubainika kuwa ile picha ya jeti ilitoka kwenye tangazo la kampuni ya usafiri ya Florida. Basi watu wakaanzisha changamoto yenye jina lake: upande mmoja wa picha maisha ya kuigiza, upande wa pili ukweli wenyewe.

Watu walicheka wiki nzima. Ila katikati ya kicheko kile kuna kitu hakuna aliyekisema: mwaka ule ule, pale California, mtu wa kawaida alikuwa anaweza kukata siti moja kwenye jeti ndogo, akapandia kwenye karakana binafsi bila kupita jengo la abiria, kwa nauli iliyoanzia dola 109. Yaani kati ya "nina jeti yangu" na "nimebanwa siti ya katikati" palikuwa na njia ya tatu. Na njia hiyo ina historia ndefu kuliko ile ya jeti zenyewe.

Tuanze na lugha ya mjini, maana inaeleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vya sheria. Ukikodi gari zima peke yako, umekwenda spesho. Ukipanda na wenzako kila mtu na nauli yake, umepanda daladala. Gari linaweza kuwa lile lile, dereva yule yule, njia ile ile. Kinachobadilika ni nani kalipia nini. Kwenye ndege ni hivyo hivyo: jeti ya kukodi ni spesho, na siku utakayouza siti zake moja moja, umeigeuza daladala. Hapo ndipo serikali inapoamka na kuuliza: leseni yako ni ya nini?

Dola 400 kwa dakika 23

Januari 1, 1914, mji wa St. Petersburg, Florida. Umati umejaa ufukweni kutazama boti yenye mabawa. Ilikuwa ndege ya mbao aina ya Benoist, inaruka kutoka majini na kutua majini, haina paa, na nafasi ni mbili tu: rubani na abiria bega kwa bega. Siti ya kwanza ilipigwa mnada. Aliyeichukua ni meya wa zamani wa mji huo, kwa dola 400, ambazo kwa thamani ya leo ni zaidi ya dola 10,000. Akakaa, wakavuka ghuba hadi Tampa kwa dakika 23. Boti ya kawaida ilikuwa inachukua kama saa mbili.

Wanahistoria wengi wanaihesabu safari ile kuwa ya kwanza duniani ya ndege ya abiria yenye ratiba. Lakini itazame tena. Abiria mmoja, siti moja, kanunua nafasi yake tu kwenye chombo kidogo, hana foleni wala jengo la kusubiria. Shirika la ndege la kwanza kabisa lilikuwa ni kuuza siti moja moja. Mashirika makubwa yalikuja baadaye sana.

Baada ya mnada nauli ya kawaida ikawekwa dola 5, na masharti yake yangekufurahisha: abiria pamoja na mzigo wake wasizidi ratili 200, kama kilo 90. Ukizidi, unaongeza hela. Kwa takriban miezi minne ndege ile na mwenzake zilibeba abiria wapatao 1,200. Mji wenyewe ulikuwa unachangia gharama. Watalii wa msimu wa baridi waliporudi makwao, abiria wakaisha na biashara ikafa.

Ukitaka kuiona Tampa ya 1914 kwa macho yako, nenda uwanja wa Dar es Salaam uangalie Caravan inayokwenda Zanzibar. Injini moja, siti 12 au 13, mwendo wa dakika 20 hivi, wakati boti ya haraka inatumia karibu saa mbili. Ukienda nayo mbugani, Seronera kwa mfano, unaambiwa mzigo kilo 15 na begi liwe laini, lisiwe la mbao wala plastiki ngumu. Si mbwembwe. Ndege ndogo inahesabu kilo kama muuza nyama. Precision Air yenyewe ilianzia huko: mwaka 1991 Arusha, kampuni ya ndege za kukodi yenye kindege cha siti tano, halafu mwaka 1993 ikaanza safari za ratiba. Kutoka spesho kwenda daladala, kihalisi kabisa.

Senti tano zilizotikisa treni za mjini

Mwaka huohuo wa 1914, upande wa pili wa Marekani, Los Angeles, kulizuka kitu kingine. Uchumi ulikuwa mbaya, magari ya Ford yalikuwa yameanza kuwa rahisi, na wenye magari wakaona mchongo: kupita kwenye vituo vya treni za mjini na kubeba abiria kwa senti tano kila mmoja. Sarafu ya senti tano mtaani ikiitwa "jitney", basi na magari yakaitwa jitney.

Kama umekulia Dar au Nairobi, hapo umeshatabasamu. Daladala ilipata jina kutokana na "dala", sarafu ya shilingi tano. Matatu ilipata jina kutokana na mapeni matatu, senti 30 za nauli ya zamani. Miji mitatu isiyojuana, na yote ikaliita gari kwa bei yake.

Jitney zilienea kama moto. Kufikia katikati ya 1915 inakadiriwa zilikuwa 62,000 Marekani nzima. Kampuni za treni za mjini, zilizokuwa zimewekeza kwenye reli na nyaya na zinalipa kodi, zikalalamika kwamba hawa vijana wanaokota abiria wa njia zenye faida tu na kuwaachia wao hasara. Halmashauri zikasikiliza. Mji baada ya mji ukatunga masharti: weka dhamana kubwa, pita njia tuliyokupangia, fanya kazi saa tulizokupangia hata kama hakuna abiria. Kila sharti peke yake lilionekana la busara. Yote kwa pamoja yakawa kitanzi. Kufikia mwishoni mwa 1918 jitney zilizobaki hazikufika 6,000.

Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume. Kenya, mwaka 1973, rais wa kwanza wa nchi alitoa tamko lililoziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ile ya mabasi makubwa. Dar es Salaam, UDA ilikuwa na haki ya peke yake kisheria, mabasi hayatoshi, watu wananing'inia milangoni, na mwaka 1983 serikali ikakubali yaishe na kuruhusu mabasi ya watu binafsi. Hapa kwetu daladala ilishinda. Marekani ilishindwa, na yaliyoipata jitney ni muhimu kuyaweka kichwani, kwa sababu yatarudi miaka zaidi ya 100 baadaye yakiwa na mabawa.

Mastaa, hisa na basi la kifahari

Kuanzia 1938 hadi 1978 serikali ya Marekani ndiyo iliyoamua nani aruke wapi na kwa nauli gani. Ndege za kukodi ziliachiwa uhuru kiasi, mradi ziwe ndogo na zisijifanye shirika. Ndani ya kipindi hicho ikaja jeti iliyobadilisha ndoto za watu: Learjet 23, iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 1963. Ndogo, kali, ina mbio. Mwimbaji mmoja mkubwa wa enzi hizo aliinunua mwaka 1965, akawa anawaazima na mastaa wenzake. Picha ya staa anashuka ngazi fupi za jeti, miwani myeusi usoni, inatokea huko. Insta imeirithi tu.

Tatizo la jeti ni kwamba inakula hela hata ikiwa imelala. Rubani ana mshahara, maegesho yana bei, matengenezo hayasubiri. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa hesabu aliyetoka benki ya uwekezaji alikuja na suluhisho: badala ya mtu mmoja kumiliki jeti nzima, wanne wamiliki robo robo. Ndiyo NetJets. Ilifanya kazi hasa, hadi mwaka 1998 Berkshire Hathaway ikainunua kwa dola milioni 725. Lakini robo ya jeti bado ni mali ya matajiri. Kilichogawanywa ni umiliki. Safari yenyewe ilibaki spesho.

Mwaka 1987 bilionea mmoja mwenye mahoteli ya Las Vegas akajaribu njia nyingine, MGM Grand Air. Alichukua Boeing 727, ndege ya abiria zaidi ya 100, akaweka siti 33 tu, akawa anaruka Los Angeles na New York kutoka jengo lake mwenyewe, mbali na umati. Mastaa wa Hollywood waliipenda: hakuna mapaparazi, hakuna kusukumana. Ila hesabu haikupenda. Ndege kubwa inakunywa mafuta ya ndege kubwa hata ukiweka abiria wachache, na mastaa si wengi kiasi cha kuijaza kila siku. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 huduma ile ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imewapa wateja kila kitu wanachokipenda, na hiyo ndiyo iliyoimaliza.

Kompyuta inajaza gari

Jaribio lenye akili kuliko yote pengine ndilo linalokumbukwa na wachache kuliko yote. Oktoba 2007, Florida tena, kampuni ya DayJet ilianza kuuza siti kwenye vijeti vya Eclipse 500. Marubani wawili, abiria watatu. Hakuna ratiba kabisa. Unaingia kwenye tovuti, unasema unatoka wapi kwenda wapi, halafu unasema una haraka kiasi gani. Ukitaka kuondoka saa 3 asubuhi kamili, unalipa zaidi. Ukisema "nichukueni muda wowote kati ya saa 2 na saa 8", nauli inashuka, kwa sababu umeipa kompyuta nafasi ya kukuchanganya na abiria wengine.

Hiyo ni kazi ya konda na mpiga debe, imefanywa hesabu. Daladala inasubiri ijae. DayJet ilikuwa inakulipa wewe kwa kukubali kusubiri. Kwa abiria wa miji midogo ya Florida ambayo mashirika makubwa hayakuitaka, ilikuwa noma. Lakini mpango mzima ulihitaji vijeti vingi sana angani ili hesabu ikubali, na vijeti vingi vinahitaji mkopo mkubwa. Septemba 15, 2008 benki ya Lehman Brothers ikafilisika. Siku nne baadaye DayJet ikafunga. Miezi miwili mbele hata waliotengeneza Eclipse wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaowadai.

Kisha zikaja simu janja, na akili ikapungua kidogo.

Kuanzia 2012 kila mtu alitaka kuwa "Uber ya jeti". Mmoja wa waanzilishi wa Uber mwenyewe alikuwemo kwenye BlackJet, iliyopata na hela za mastaa, rapa na waigizaji ambao sura zao zilitosha kuwa tangazo. Ndani ya mwaka mmoja hivi ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Kampuni nyingine ya Florida iliuza uanachama wa maelfu ya dola kwa mwaka, na mwanachama akaahidiwa siti za bure kwenye safari za kuchangia. Baadaye masharti yakabadilika, siti zikaanza kulipiwa, na wanachama wakakimbilia mahakamani wakisema walichonunua sicho walichopewa. Mwaka 2019 ikauzwa.

Ahadi zote hizi zilitegemea ukweli mmoja: jeti iliyompeleka tajiri Miami mara nyingi inarudi tupu. Ukimuuzia mtu siti ile kwa bei ya kutupa, si faida tupu? Ndiyo, kwenye karatasi. Lakini jeti tupu inakwenda inakokwenda yenyewe, siyo unakokwenda wewe. Tajiri akibadili mawazo, akaamua kulala siku moja zaidi, safari yako imekufa. Ni kama kuomba lifti ya lori: nzuri sana kama huna mkutano.

Zilizobaki hai ni zile zilizoacha kuuza ustaa na kuanza kuuza muda. Surf Air, California, 2013, ilitoza ada ya mwezi chini ya dola 2,000, ikatumia ndege za Pilatus zenye injini moja ya pangaboi. Wateja wake wengi walikuwa watu wa kazi wanaokwenda na kurudi, siyo mastaa. Na Aprili 2016 ikaja JetSuiteX, ambayo tangu 2019 inaitwa JSX. Hii ilichukua jeti za Embraer, zile mashirika ya mikoani yalizokuwa yanazistaafisha, ikaweka siti 30, ikaziendesha kutoka kwenye karakana binafsi. Unafika dakika 20 kabla, unapita ukaguzi mfupi, unapanda. Ndani hakuna sofa ya ngozi wala kitanda. Jirani unaye, japo miguu ina nafasi. Ni basi la kistaarabu lenye mabawa, na ndiyo maana limejaza.

Kitanzi cha jitney kinarudi

Sasa ile hoja ya leseni. Kanuni inayoziruhusu safari hizi ilizaliwa 1978, na ililenga zaidi mambo kama vikundi vya likizo. Kiutendaji inakwenda hivi: kampuni A inakodi spesho ndege ya kampuni B, kisha A inauzia umma siti moja moja. Kwenye karatasi ni spesho, mradi ndege isizidi siti 30. Kwamba A na B wanaweza kuwa ndugu wa nyumba moja, na kwamba safari hizo zina ratiba kila siku kama shirika lolote, kanuni haikatazi.

Tofauti inauma kwenye chumba cha marubani. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake ardhini. Familia za marehemu hazikukubali kunyamaza. Zilikwenda Bunge la Marekani tena na tena hadi sheria ikabadilika: rubani msaidizi wa shirika la ndege naye awe kwa kawaida na saa 1,500 za kuruka. Mashirika pia yanalazimika kumstaafisha rubani akifika miaka 65. Ndege za kukodi hazibanwi hivyo: msaidizi anaweza kuingia na saa chache zaidi, na nahodha aliyevuka 65 anaruhusiwa kuendelea.

Agosti 2023 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitangaza nia ya kuliziba pengo hilo. Maoni yapatayo 60,000 yakamiminika. Chama kikubwa cha marubani, ALPA, kilisema huu ni uchochoro wa kukwepa usalama uliolipiwa kwa damu. American na Southwest wakaunga mkono kubana. JSX ikajibu kwamba marubani wake ni wazoefu, wengine ni manahodha waliostaafishwa na mashirika hayo hayo kwa sababu ya umri tu, na kwamba wakubwa wanaogopa ushindani. Watetezi wake wakakumbusha jambo la kweli na lisilopendeza kulisikia: marubani wote wawili wa ile ndege ya Colgan walikuwa wameshavuka saa 1,500. United na JetBlue, ambao wana hisa ndani ya JSX, hawakuwa upande wa American. Wakubwa wenyewe wamegawanyika kwa mujibu wa nani kaweka hela wapi.

Ni rahisi kusema hii ni jitney ya pili, wenye reli wanamnyonga kijana mwenye Ford. Nusu ni kweli. Mashirika makubwa hayajawahi kuhangaikia usalama wa mshindani asiyewachukulia abiria, na jeti za kukodi zimeruka kwa kanuni hizohizo kwa miaka mingi bila wao kupiga kelele. Lakini familia za Buffalo hazina hisa popote, na swali lao halijajibiwa na punguzo la foleni: abiria aliyenunua siti moja mtandaoni, kwa ratiba, kwa nauli, kwa nini alindwe pungufu ya mwenzake aliyeko upande wa pili wa uwanja huohuo? Aliyekodi jeti nzima anajua alichokodi, na mara nyingi ana mtu wa kumkagulia. Aliyekata siti anaona tiketi tu. Kanuni ingeweza kulainishwa pande zote mbili, saa zihesabiwe kwa ubora wa mafunzo badala ya wingi, ila ngazi iwe moja kwa kila anayeuza siti.

Juni 2024 FAA ilisema itaandaa pendekezo rasmi la kubadili kanuni zake zinazohusu safari hizi, na pia itaangalia uwezekano wa njia mpya ya leseni kwa ndege ndogo, ili miji yenye abiria wachache isikose huduma kabisa. Tangazo hilo halikusimamisha safari hata moja. Asubuhi yake jeti za siti 30 ziliondoka Burbank kama kawaida, na abiria wake hawakuwa wamepita jengo la abiria.